Nyuma ya Mkungu wa Ndizi: Marekani na Uvamizi Wake Katika Amerika ya Kati na Visiwa vya Karibi



Kila mmoja wetu aliyewahi kubeba mkungu wa ndizi, kukata mkonge au kuchuma chai anajua kwamba shamba kubwa haliishi kwa mvua peke yake. Linataka ardhi, linataka mikono, linataka reli na bandari, na linataka serikali isiyouliza maswali mengi. Katika makala hii tunaeleza yaliyotokea mahali ambapo serikali ilianza kuuliza maswali.

Tunazungumzia Amerika ya Kati na visiwa vya bahari ya Karibi. Hizi ni nchi ndogo zilizo kusini mwa Marekani. Watu wake wanalima ndizi, miwa na kahawa, nasi tunazijua kazi hizo. Tangu mwaka 1898 askari wa Marekani wameingia katika nchi hizo mara nyingi. Mara nyingine walikaa majuma machache, mara nyingine walikaa karibu miaka ishirini.

Sababu zilizotangazwa zilibadilika kila mara. Mara ilikuwa kulinda maisha ya raia wa Marekani, mara kurudisha amani, mara kudai madeni, mara kuzuia ukomunisti, mara kukamata wauza madawa ya kulevya. Hatusemi kwamba kila uvamizi uliagizwa na kampuni. Zilikuwepo pia sababu za kijeshi, na ilikuwepo hofu juu ya mataifa mengine makubwa. Lakini mtu akitaka kujua maana ya uvamizi asitazame tangazo tu. Atazame mambo manne baada ya askari kushuka: nani anashika forodha, nani anapata ardhi, nani anapewa bunduki, na chama cha wafanyakazi kinafanywa nini.

MWANZO WA MAMBO

Mwaka 1823 Rais Monroe wa Marekani alitangaza kwamba mataifa ya Ulaya yasianzishe makoloni mapya katika bara la Amerika. Wakati ule makoloni ya Hispania yalikuwa yamejikomboa, na wengi waliyapokea maneno hayo kwa furaha. Lakini miaka zaidi ya ishirini baadaye Marekani yenyewe ilipigana na Meksiko, kuanzia 1846 hadi 1848, na vita vilipokwisha Meksiko ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nchi yake.

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania. Wananchi wa Kuba walikuwa tayari wanapigania uhuru wao. Hispania ilishindwa, lakini waliopokea ushindi si Wakuba. Marekani ilichukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Huko Ufilipino wananchi waliokataa mkoloni mpya walipigwa vita vikali kuanzia 1899. Kuba nayo iliwekwa chini ya jeshi la Marekani hadi 1902. Kabla ya askari kuondoka, Wakuba walilazimishwa kutia katika katiba yao kifungu kilichoitwa kifungu cha Platt. Kifungu hicho kiliipa Marekani haki ya kuingilia kati mambo ya Kuba. Askari walirudi mwaka 1906 wakakaa hadi 1909. Kifungu kilifutwa 1934, lakini kambi ya Guantánamo, iliyokodishwa mwaka 1903, haikurudishwa.

Mwaka huo huo wa 1903 Kolombia ilikataa masharti ya Marekani juu ya mfereji wa Panama. Panama, iliyokuwa jimbo la Kolombia, ikajitenga, na manowari za Marekani zikawazuia askari wa Kolombia wasiirudishe. Ukanda wa nchi wenye upana wa maili 10 ukawekwa mikononi mwa Marekani, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1914. Wachimbaji wengi walikuwa watu weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa vingine. Mishahara ilikuwa ya namna mbili. Wamarekani weupe waliandikwa katika orodha ya dhahabu, weusi katika orodha ya fedha. Nyumba mbali, duka mbali, hospitali mbali. Kwa hesabu rasmi watu zaidi ya 5,600 walikufa kwa maradhi na ajali kati ya 1904 na 1914, na wengi wao walikuwa weusi.

JAMBO LA KWANZA: FORODHA

Serikali nyingi za nchi hizo zilikuwa na madeni kwa mabenki ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1904 Rais Theodore Roosevelt alitangaza kwamba nchi ya Amerika ikishindwa kutengeneza mambo yake, Marekani itakuwa polisi wake.

Mwaka uliofuata polisi huyo alianza kazi katika Jamhuri ya Dominika. Maofisa wa Marekani walishika forodha zote. Katika kila dola 100 za ushuru, dola 45 zilipewa serikali ya nchi na dola 55 ziliwekwa kwa ajili ya wadai. Fikirini, ndugu: ni kama mwenye duka kukaa dirishani siku ya mshahara, akajilipa kwanza, kisha akakukabidhi kilichobaki. Nchi isiyoshika ushuru wake haiwezi kujenga shule wala hospitali kwa mpango wake yenyewe. Mwaka 1916 askari wa majini wa Marekani waliikalia nchi hiyo kabisa, wakaitawala hadi 1924.

Haiti ni jirani wa Dominika katika kisiwa hicho hicho. Ni nchi ya watumwa waliovunja minyororo yao wenyewe na kujipatia uhuru mwaka 1804. Mwezi wa Desemba 1914 askari wa majini wa Marekani walishuka Port-au-Prince, wakaingia katika Benki ya Taifa, wakachukua dhahabu yenye thamani ya dola 500,000 na kuipeleka New York. Mwezi wa Julai 1915 Rais wa Haiti aliuawa na umati wa watu wenye hasira. Siku ile ile askari walishuka tena, wakisema wanaleta amani. Walikaa miaka 19.

JAMBO LA PILI: ARDHI NA MIKONO

Tangu uhuru, katiba za Haiti zilikuwa zimewanyima wageni haki ya kumiliki ardhi. Watu waliotoka utumwani walijua kwamba anayeshika ardhi ndiye bwana. Mwaka 1918, chini ya bunduki za wageni, katiba mpya ilifuta katazo hilo.

Wakati huo huo Wamarekani walitaka barabara. Waliifufua sheria ya zamani ya kazi ya shokoa. Wakulima walikamatwa, wengine wakifungwa kamba, wakapelekwa kutengeneza barabara bila ujira. Wazee wetu waliopitia shokoa ya wakoloni hawahitaji kuelezwa zaidi. Wananchi wengi wa Haiti waliingia msituni na kupigana, wakiongozwa na Charlemagne Péralte. Aliuawa mwaka 1919 kwa hila. Askari wawili wa Marekani waliingia kambini mwake usiku wakijisingizia kuwa Wahaiti. Maiti yake ilifungwa penye ubao, ikapigwa picha, na picha hizo zikatawanywa ili watu waogope.

Wakulima wengi walivuka kwenda kukata miwa Kuba na Dominika, kama manamba wetu walivyosafirishwa kwenda mashamba ya mkonge. Desemba 1929, baada ya mgomo wa wanafunzi, askari wa Marekani waliwapiga risasi wakulima waliokuwa wakiandamana karibu na mji wa Les Cayes, wakaua wasiopungua 12. Habari hiyo ilileta aibu hata Marekani kwenyewe. Askari waliondoka mwaka 1934.

JAMBO LA TATU: BUNDUKI HUBAKI

Mvamizi hawezi kukaa milele. Ni gharama, na watu wa kwao huanza kuuliza watoto wao wanafia nini. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hufundisha jeshi la wenyeji lifanye kazi ile ile.

Tazameni Nikaragua. Mwaka 1912 askari zaidi ya 2,000 wa Marekani walishuka kumwokoa Rais Adolfo Díaz, ambaye zamani alikuwa karani wa kampuni ya Kimarekani ya madini. Isipokuwa miezi michache, askari wa Marekani walikuwepo hadi Januari 1933. Aliyewapinga hadi mwisho alikuwa mfanyakazi kama sisi, Augusto César Sandino. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha sukari Honduras, katika mashamba ya ndizi Guatemala, na katika visima vya mafuta huko Tampico, Meksiko. Huko Tampico ndiko alikosikia habari za vyama vya wafanyakazi. Alirudi kwao, akafanya kazi katika mgodi wa dhahabu, na baadhi ya askari wake wa kwanza walikuwa wachimbaji wa mgodi huo. Alipigana miaka sita. Wavamizi walipoondoka, aliweka silaha chini kama alivyoahidi.

Lakini Marekani ilikuwa imeacha jeshi, Walinzi wa Taifa, chini ya Anastasio Somoza. Tarehe 21 Februari 1934 Sandino alitoka kula chakula kwa Rais wa nchi, akakamatwa njiani na Walinzi hao, akauawa. Somoza na wanawe wawili waliishika nchi hiyo hadi 1979. Huko Dominika pia, Rafael Trujillo, aliyefundishwa katika jeshi lililoundwa na wavamizi, alitwaa nchi mwaka 1930 na kuikanyaga hadi alipouawa 1961.

JAMBO LA NNE: CHAMA CHA WAFANYAKAZI

Hapa ndugu wasomaji wasikilize kwa makini, maana hapa ndipo jambo linapotugusa.

Wakati mwingine manowari haihitaji hata kushusha askari. Mwaka 1928 wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya kampuni ya United Fruit huko Kolombia waligoma. Walidai mkataba wa kweli, siku ya mapumziko, na kulipwa fedha taslimu badala ya vyeti vya duka la kampuni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba, katika mji wa Ciénaga, jeshi la Kolombia liliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Jenerali aliyetoa amri alijitetea kwamba kama asingeuzima mgomo, Wamarekani wangeshuka. Waliokufa waliuawa na ndugu zao wa nchi moja, kwa kuogopa mgeni aliye baharini.

Kisha ikaja Guatemala. Nchini humo United Fruit ilikuwa na mashamba makubwa, ilikuwa na mkono katika reli, na ilitawala bandari kuu. Chini ya sheria ya 1934, mtu asiye na ardhi ya kutosha alihesabiwa mzururaji, akalazimika kufanya kazi mashambani siku 100 au 150 kwa mwaka, na kubeba kitabu cha kutiwa sahihi na mwajiri. Wazee wetu wa Kenya waliovaa kipande shingoni wangekifahamu kitabu hicho mara moja.

Mwaka 1944 wananchi walimwangusha dikteta wao. Mwaka 1947 ilitungwa Sheria ya Kazi iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kugoma. Mwaka 1952 Rais Jacobo Árbenz alipitisha sheria ya kugawa ardhi isiyolimwa ya mashamba makubwa. Yapata familia 100,000 zilipata ardhi. United Fruit ilikuwa imeacha sehemu kubwa ya ardhi yake bila kulimwa. Kwa kipande cha kwanza kikubwa kilichochukuliwa, serikali ilitaka kulipa fidia ya dola 600,000 na ushei, kwa sababu hiyo ndiyo thamani ambayo kampuni yenyewe iliandikisha ilipokuwa ikilipa kodi. Serikali ya Marekani ilidai karibu dola milioni 16 kwa niaba ya kampuni. Yaani wakati wa kulipa kodi ardhi ilikuwa rahisi, wakati wa kulipwa ikawa ghali.

Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, zamani alikuwa wakili katika ofisi iliyoitumikia kampuni hiyo. Ndugu yake Allen alikuwa mkuu wa shirika la ujasusi, CIA. Tarehe 18 Juni 1954 kikosi cha watu mia chache, kilicholipwa na kufundishwa na CIA, kilivuka mpaka kutoka Honduras kikiongozwa na Castillo Armas. Kikosi chenyewe kilikuwa dhaifu. Lakini ndege zilidondosha mabomu, na redio ya uongo ilitangaza kwamba jeshi kubwa linakuja. Maofisa wa jeshi la Guatemala waliogopa kwamba wakishinda hawa, askari wa Marekani wenyewe watakuja. Wakamwacha Rais wao. Tarehe 27 Juni Árbenz alijiuzulu.

Serikali mpya ilifanya nini kwanza? Ilifuta uandikishaji wa mamia ya vyama vya wafanyakazi. Ilirudisha ardhi kwa wenye mashamba. Iliwanyima haki ya kura watu wasiojua kusoma, ambao walikuwa wengi wa wananchi. Viongozi wa vyama walifungwa, waliuawa au walikimbia. Tangu 1960 hadi 1996 nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tume ya kutafuta ukweli ilikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walipotea, wengi wao Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Lakini tusisahau upande wa pili wa mpaka. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wa 1954, huko Honduras, wafanyakazi wa ndizi zaidi ya 25,000 waligoma dhidi ya kampuni ile ile. Viongozi wao wa kwanza walikamatwa, lakini mgomo uliendelea hadi Julai. Walipata nyongeza ndogo kuliko waliyodai. Hata hivyo walipata kitu kikubwa zaidi: chama kilitambuliwa kisheria, na mwaka 1959 nchi ikapata Sheria ya Kazi. Mkono ule ule ulioipindua Guatemala haukuweza kuuvunja umoja wa wakata ndizi wa Honduras.

SABABU MPYA, NJIA ILE ILE

Mwaka 1961 CIA ilijaribu tena Kuba, katika Ghuba ya Nguruwe, ikashindwa. Aprili 1965 askari wa Marekani zaidi ya 20,000 waliingia Jamhuri ya Dominika. Wananchi walikuwa wameshika silaha wakitaka arudishwe Juan Bosch, rais waliyemchagua Desemba 1962 na kupinduliwa na jeshi mwaka uliofuata. Ilisemwa kwanza kwamba ni kuokoa raia wa kigeni, kisha kwamba ni kuzuia Kuba ya pili.

Huko Nikaragua, baada ya Somoza kuangushwa mwaka 1979, Marekani iliwalipa na kuwapa silaha waasi walioitwa Kontra, na mwaka 1984 ikatega mabomu katika bandari. Tarehe 27 Juni 1986 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua kwamba Marekani imevunja sheria na inapaswa kulipa fidia. Fidia hiyo haikulipwa.

Grenada ni kisiwa kidogo chenye watu wapatao 100,000, kinacholima kungumanga. Viongozi wa mapinduzi yake waligombana wao kwa wao. Tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu Maurice Bishop aliuawa na askari wa upande wa wenzake. Pamoja naye waliuawa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwemo Fitzroy Bain wa chama cha wafanyakazi wa mashamba. Siku sita baadaye Marekani ilivamia, ikisema inawaokoa wanafunzi wake. Katika Umoja wa Mataifa nchi 108 zililaani uvamizi huo, 9 tu ziliuunga mkono. Nyumba iliyogawanyika ilimfungulia mvamizi mlango.

Tarehe 20 Desemba 1989 ikawa zamu ya Panama. Askari wapatao 27,000 walitumiwa kumkamata Jenerali Manuel Noriega, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilipwa na CIA. Mtaa wa El Chorrillo uliungua. Nyumba zake nyingi za mbao zilikuwa zimejengwa zamani kwa ajili ya wachimbaji wa mfereji, wale wa orodha ya fedha. Wajukuu zao ndio waliobaki bila makazi. Mfereji wenyewe ulirudishwa kwa Panama tarehe 31 Desemba 1999, kwa mkataba wa 1977 uliopatikana baada ya madai ya miaka mingi.

WAFANYAKAZI WA MAREKANI NAO?

Tusiseme kwamba kila Mmarekani ni adui yetu. Jenerali Smedley Butler, aliyeongoza askari wa majini Haiti na Nikaragua, alipostaafu aliandika mwaka 1935 kwamba maisha yake yote ya kijeshi alikuwa akiyatumikia mabenki na makampuni. Lakini mwaka 1954 viongozi wakuu wa shirikisho la vyama la AFL walishangilia kuanguka kwa Árbenz, wakati wenzao wa Guatemala wanafungwa. Katika miaka ya 1980 vyama vingi vya Marekani viligeuka, vikapinga fedha za Kontra na kuwatetea wafanyakazi wa Amerika ya Kati. Maana yake ni kwamba chama kinaweza kutumiwa, na chama kinaweza kukataa kutumiwa. Kinategemea wanachama wanajua nini.

Wala Marekani si taifa kubwa pekee lililofanya hivyo. Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, ziliivamia Misri mwaka 1956. Urusi ya Kisovieti iliingiza vifaru Hungaria mwaka huo huo, Chekoslovakia 1968, na Afghanistan 1979. Na Urusi ya leo ilivamia Ukraine mwaka 2022. Kila mmoja alikuwa na tangazo lake zuri. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Basi tuyashike maswali manne tuliyoanza nayo. Tukisikia redioni kwamba askari wa taifa kubwa wameingia nchi fulani kuleta amani au uhuru, tuulize: forodha na mali ya nchi iko mikononi mwa nani sasa? Ardhi na migodi amepewa nani? Bunduki ameachiwa nani? Na chama cha wafanyakazi kiko wazi au kimefungwa? Swali la mwisho ndilo letu hasa. Pale ambapo mfanyakazi hawezi kukutana na wenzake, kusema ujira haumtoshi, na kurudi nyumbani salama, uhuru ulioletwa na manowari haujamfikia yeye.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.